Miguu ya Baba

Kijiji cha Ujamaa Kwala,
Mlandizi, Kibaha.
7 Agosti, 1976.

Mpendwa Dada Mwamini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Zahoro, na kile kikohozi cha baridi ya huko Kisarawe kimekuachia. Huku wifi yako Sikudhani na watoto hawajambo, na mihogo mwaka huu imekubali. Asiye mzima ni mimi mume wa nyumba. Naandika nimelala kifudifudi mkekani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Dada, miguu yangu imekufa.

Jumatano tulianza mafunzo ya mgambo, wanaume wote wa kijiji tusiofika miaka hamsini. Mimi nina arobaini na nne, na tumbo langu unalijua. Afande Isihaka, aliyeletwa kutufundisha, alitukimbiza mchakamchaka mpaka relini na kurudi, kisha akaturusha kichura: umechuchumaa, umeshika masikio, unaruka uwanja mzima. Niliruka kuliko vijana. Nilitaka jirani yangu Twalibu aone, maana ndiye anayeniita mzee.

Siku hiyo sikusikia kitu. Alhamisi nilipoamka, nyuma ya mapaja, kuanzia matakoni mpaka kwenye mikunjo ya magoti, kulikuwa kumekakamaa kama kamba iliyokaukia juani. Nikiinama panavuta, nikikaa panauma, na nikienda chooni nashika ukuta huku machozi yananitoka. Sikudhani alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, nikampigia kelele mpaka akasusa na kitambaa chake. Kinachonitisha sijamwambia.

Wewe nakuambia. Baba alianza hivi hivi. Alisema nyuma ya mapaja panamvuta, na mwaka haukwisha tukawa tunambeba kumtoa nje apate jua. Wewe ukamuuguza miaka minane. Umri wake wakati ule ndio wangu sasa. Mfungo umekaribia, na mwaka huu nimekabidhiwa kuswalisha tarawehe. Rakaa ishirini, Dada, na mimi rukuu moja siiwezi. Watoto wangu wadogo, shamba lenyewe la kijiji linataka mtu aonekane. Nikilala mimi, nani atasimama?

Nakuomba unieleze ukweli. Ilimwanza mguu mmoja au yote miwili? Ilikuwa maumivu au ganzi? Usinifiche kwa kunihurumia. Na jibu uliandike, ulifunge kwenye bahasha, usimpe kondakta maneno ya mdomo, kwa sababu Mlandizi nzima italijua kabla yangu.

Jana Ijumaa sikwenda msikitini. Ningeinamaje mbele za watu? Afande ameshatuambia kwamba atakayelalamika ni mvivu anayekula jasho la wenzake. Nikatuma neno kwamba nina homa.

Niliiacha barua hapo, sasa nimerudi. Twalibu ametoka hapa. Aliingia uani kwa hatua fupi fupi, miguu ameitanua, na nilipomkaribisha kigoda akasema atasimama tu. Akanipa habari za jana alizozisikia kwa wazee. Watu msikitini hawakutimia arobaini wanaotakiwa, kwa hiyo Ijumaa haikuswaliwa, wazee wakaswali adhuhuri yao wakaondoka. Imamu alipouliza wengine wako wapi, akaambiwa fulani ana homa, na fulani naye homa, wanaume ishirini na mmoja wote homa. Akaona kijiji kimeingiliwa na malaria, akamtuma mtu haraka kwa dresa wa zahanati. Dresa naye ni mgambo mwenzetu. Alikutwa amelala kifudifudi.

Twalibu akaniangalia mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mfaume, na wewe ni mapaja?"

Nilicheka mpaka nikaumia upya. Kumbe hata yeye hakwenda. Kila mmoja wetu alijifungia kwake akijua ni yeye peke yake, na kwa aibu ya mapaja tumeiangusha Ijumaa ya kijiji kizima. Dresa amesema ni misuli isiyozoea, itaachia yenyewe kwa siku chache, tutembee taratibu wala tusishinde tumelala.

Ningefurahi, Dada. Lakini Twalibu alipoondoka nililia, na safari hii si kwa maumivu.

Ile siku ya kwanza Baba alipojisikia vibaya, nilikuwa naye shambani, wawili tu. Alikaa kwenye tuta akashika mapaja, akasema yanamuuma. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mpira. Nikamwambia, "Inuka, Baba, unajidekeza." Akainuka. Akachukua jembe akalima mpaka jua la mchana, na tangu hapo hakuniambia tena kwamba anaumwa, mpaka alipoanguka. Hili sijapata kumwambia mtu. Mimi kwa maumivu ya siku tatu ya kichura nimekandwa, nimepewa pole, nimeitia nyumba nzima wasiwasi. Yeye alipata yale maneno yangu.

Kwa hiyo lile swali la mguu mmoja au miwili liache. Nijibu hili: katika miaka yote ile minane ukimgeuza na kumwosha, aliwahi kukuambia nilichomwambia?

Nikiweza kupanda basi nitakuja kabla ya mwezi kuandama, tukapalilie kaburi lake. Nitachuchumaa pale mwenyewe, hata kama bado panauma.

Nisalimie sana Shemeji Zahoro na Mboni, na Bibi Biubwa mwambie majani yake ya mchai yalifika. Sikudhani anakuamkia. Mwenyezi Mungu akulipe kwa mikono yako iliyomuuguza mzazi wetu, na akufikishe kwenye mfungo ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye na ninayesubiri jibu lako,

Mfaume