Ulipozima Kaseti

Kosele,
12 Machi 1996

Ndugu yangu Nicanor,

Sisi hatujambo. Mahindi tumepanda, na Lynnet wangu sasa yuko darasa la nne.

Kitabu chako kimefika kabla yako. Jana wakili wa shemeji yangu, anayetaka shamba la marehemu mume wangu, alikiinua kortini, akasoma kwa Kiingereza kwamba kwetu mjane akikataa kurithiwa na ndugu wa mumewe hana shamba. Nikasimama nikasema mjane mwenye watoto haondolewi. Hakimu akaniuliza, “Wewe umesoma wapi, mama? Hiki kimechapishwa Amerika.”

Nimesoma wapi! Si mimi niliyekufundisha mila hizo, ukiwa umekaa kwangu, unakula samaki wangu? Na chini ya ukurasa umeandika aliyekueleza ni “mama mmoja, Kosele.” Jina langu lilikushinda?

Leo nimeisikiliza ile kaseti ya maelezo yangu uliyoniachia. Humo nasema mjane akikataa kurithiwa anaweza kunyang’anywa shamba. Halafu naanza, “Lakini akiwa na watoto…” Nawe unasema, “Inatosha, dada,” unazima.

Hukumu ni tarehe ishirini na tisa. Njoo umwambie hakimu nilikuwa sijamaliza.

Ni mimi,
Mama mmoja, Kosele