Baba Mkwe Analilisha Gari Oili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukiona nazunguka nivumilie, maana jambo lenyewe linamhusu mtu aliyenitendea wema mkubwa na sitaki lawama yoyote imwangukie. Mimi ni mshonaji, naishi na wakwe zangu, na baba mkwe alipostaafu ualimu na macho yakaanza kumsumbua alinipa gari lake, mimi, si mwanawe, aliniita uani mbele ya watu wote akasema mwanangu, wewe ndiye unayemwogesha mama yenu na kumhangaikia tangu upande wake mmoja ulipopooza, basi gari liende kwa anayelihitaji, akaniwekea ufunguo kiganjani, nikalia. Tangu siku ile simbebi tena Mama mgongoni hadi barabarani kutafuta usafiri, kila Jumanne tunakwenda kliniki ya mazoezi kama watu wazito, yeye amekaa mbele na kioo ameshusha, na juzijuzi amepiga hatua zake za kwanza akishika ukuta, kwa hiyo mshauri, mimi nikilitazama gari lile naona mguu wa Mama.

Sasa limeanza kugonga asubuhi nikiliwasha, na taa nyekundu ya oili inawaka nikisimama kwenye foleni halafu inazimika nikikanyaga, nikalipeleka kwa fundi, akafungua kifuniko cha kumiminia oili akaniita nichungulie, nikaona kitu cheusi kimeganda kama lami, akachota kwa kidole na hakikudondoka. Akaniuliza, "Dada, oili ya hili gari ilimwagwa lini?" Sikujua, nikarudi nyumbani nikamchokoza Baba mezani kama ninayepiga soga tu, naye akajibu kwa fahari, "Kumwaga? Mimi oili yangu haijamwagwa hata tone! Naongeza tu." Na bado anaongeza, mshauri, kila Jumapili baada ya chai anavaa shati lake kuukuu, anatoka na kopo, anapapasa mpaka anakipata kifuniko, anamimina, kisha anapigapiga boneti akisema, "Haya, kunywa."

Fundi anataka alifungue. Jirani anasema nitie mafuta ya taa ndani ya injini niizungushe, tope litatoka lenyewe. Mume wangu ananiambia, "Nyamaza, ukimwambia Baba utakuwa umemtupia zawadi yake usoni, likifa tutasema ni uzee." Mimi nampenda yule mzee kama baba aliyenizaa, silali vizuri, na Jumanne inakuja. Nifanyeje?

Mkwe mwenye shukrani na hofu

MSHAURI ANAJIBU

Zima gari. Kama unasoma haya ukiwa ndani yake, shuka kwanza, tutaongea ukiwa nje.

Ile taa nyekundu si pambo. Inakuambia kwamba oili haipandi, kwa sababu lile tope limeziba chini pale inaponyonywa, na vyuma vinasagana vikavu huku wewe unaangalia foleni. Jumanne hii mkodishie Mama gari, hata kama itakubana. Injini ikikamata ikafa, utamkodishia kila Jumanne.

Mafuta ya taa mwachie jirani yako apikie. Yakiingia mle yatang'oa mapande yote kwa mpigo, yaende kuziba pale palipobaki wazi. Fundi wako anajua kazi, mwache afungue sampo, yaani lile bakuli la chini, alikwangue kwa mkono, asafishe chujio la kunyonyea, abadilishe filta na kutia oili mpya. Hiyo nayo mwimwage mapema, na inayofuata pia, mpaka itoke inafanana na oili. Sikufichi, huenda kuna chuma kilichokwisha kulika, lakini hilo litajulikana likishafunguliwa.

Tuje nyumbani. Mumeo mwambie nimempa pole, maana anadhani adabu ni kufunga mdomo. Wewe nawe umenigusa na umenikera kwa pamoja. Nimeisoma shukrani yako mara mbili na machozi yamenilengalenga, nami si mtu wa kulia. Lakini mwanangu, mtu aliyethubutu kukupa gari lake mbele ya ukoo mzima, leo mnamwona hawezi kuambiwa ukweli? Alikuheshimu, nawe mheshimu hivyo hivyo. Kama wewe ungekuwa unaiharibu cherehani yako bila kujua, ungependa akufiche?

Usimwambie mezani, na usimtume mtu. Mwambie, "Baba, gari letu linaumwa, naomba twende wote kwa fundi." Mwonye fundi mapema asicheke na asihutubu. Sampo likifunguliwa, mtilie Baba lile tope kiganjani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vinaona. Kisha wewe kaa kimya. Huyo ni mwalimu, somo atalipata bila wewe kushika chaki.

Na Jumapili yake usimnyang'anye. Kopo lifungiwe kabatini, yeye apewe kitambaa. Achomoe kile kijiti cha kupimia, akifute, akirudishe na kukichomoa tena, wewe umsomee oili imefika alama gani. Mkimaliza, apigepige boneti kama kawaida.

NYONGEZA

Taa nyekundu haisubiri gazeti, kwa hiyo majibu haya nilimtumia kwanza kwa simu. Leo amenipigia. Baba alilisugua lile tope katikati ya vidole, akalinusa. Kisha akasema, "Na mimi nilidhani nalilisha." Akamgeukia mkwewe. "Mbona ulikuwa unateseka peke yako, mwanangu?"

Nyumbani Mama aliposimuliwa alicheka mpaka akaomba maji. "Miaka yote hiyo umelilisha tu, hukulipeleka msalani hata siku moja!" Baba naye akacheka, akavua miwani ajifute.

Injini imepona, haigongi. Jumanne iliyofuata Baba alipanda kiti cha nyuma, kitambaa mfukoni, akasema anataka kusikia inavyonguruma. Pale kliniki Mama alishuka akaukataa mkono wa mkwewe, akaanza kwenda mlangoni mwenyewe, taratibu, fimbo ikigonga sakafu. Baba alisimama kando ya gari, akikaza macho yasiyofika mbali.

"Anatembea?" akauliza.

"Anatembea, Baba."