Nasima hakunenepa, alijaa maji

Mwatum shoga, usimpeleke binti yako kwa somo Bi Tuhfa! Binti yako naye ana mashine ya moyo kama Nasima wangu, ndiyo maana nakuandikia humu humu njiani.

Unajua Nasima kila asubuhi hupanda mizani. Uzito ukiruka ghafla ni maji, moyo umezidiwa, aende hospitali.

Basi Bi Tuhfa kumweka ndani kwa harusi, kumbe mizani kaisukumia uvunguni! Vidonge vya kukojoza kavificha. Eti biharusi hakimbilii chooni kila saa, liwa aliyopakwa mwilini itachuruzika. Na chakula ni samaki ng'onda wa chumvi, asubuhi na jioni.

Leo naingia, ananipigia vigelegele. "Mama Nasima, njoo umwone mwanao alivyojaa! Si ulinipa kijiti?"

Kujaa! Mtoto kaegemezwa mito, anahema. Mchoraji wa hina kamshika mguu amchore, kidole kikazama, shimo likabaki. Shimo, Mwatum! Bi Tuhfa anacheka: "Nyama laini hiyo, bwana harusi atafurahi."

Nyama!

Hapo hapo mashine ya moyo ikampiga shoti kifuani. Nasima karuka, kanishika kanga: "Mama, imenipiga." Nikambeba, nikisaidiwa na mchoraji wa hina. Bi Tuhfa yuko mlangoni anapiga kelele, nasikia mpaka sasa: "Hina haijakauka! Mtaiharibu!"

Hina, shoga. Mwanangu anakata pumzi, yeye hina.

Tuko kwenye bajaji, miguu yake iko mapajani mwangu. Hina yote imehamia kwenye kanga yangu. Na shimo la kidole bado lipo.