Neno Uliloniachia Sikulifikisha

Shemeji Kasiano,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana, kwa sababu sijui nani amwamkie nani. Mimi nilizaliwa kabla yako, na shikamoo yangu ulikuwa unaitoa kwa shida kama mtu anayetema mbegu. Lakini kufa umetangulia wewe. Huenda huko wanahesabu kuanzia kaburini, na sasa mimi ndiye mdogo. Basi tuliache hilo. Pokea salamu tupu, na kama kuna anayekusomea, mwambie asome polepole. Mwandishi aliishia darasa la tatu, na hilo la tatu alilirudia.

Mwaka na ushei umepita tangu tukuzike. Sijui kama uliniona nilivyojilaza njiani mbele ya jeneza lako, nikasema hupiti mpaka utaje nani atamaliza ule mtungi wa pombe ya ulezi uliouacha nyuma ya nyumba. Katekista alinuna. Dada yangu Sabina, mke wako, akacheka huku analia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Wengine walisema Odilo hana huzuni. Shemeji, nilijilaza pale kwa sababu miguu ilikataa kwenda. Nikaona heri waseme ni utani.

Sasa nikuambie jambo lililonikaa kooni mwaka mzima kama mwiba wa samaki mgebuka. Neno uliloniachia sikulifikisha.

Ilikuwa asubuhi, umelala kwenye kitanda chako cha kamba, jua limeingia mpaka miguuni pako, Sabina amekwenda kisimani. Ukanishika mkono ukaanza mbali, kama kawaida yako. Ukaanzia kwa babu yako na ng'ombe wake mweusi, ukapita kwenye mavuno ya mwaka wa nzige, ndipo ukafika mtoni, kwenye huu mto wetu ambao kila masika unatutenga na zahanati na kanisa na kila kitu chenye faida. Kutoka mtoni ukafika kwa mwanao. Ulisema Teofrida ulimpeleka shule ili ajenge daraja. Daraja moja tu, pale penye mawe mawili, mahali maji yalipomchukua mama yako na kikapu chake kichwani. Mtoto akasoma mpaka chuo kikuu Dar es Salaam, akawa mhandisi, akaendelea na shahada ya pili ya mambo ya maji. Halafu, badala ya daraja, ikaja barua yake. Serikali inatafuta vijana wachache waliosoma sana sayansi, wa hesabu, wa udongo, wa maji, wakae mwaka mmoja katika ofisi za mipango, wajifunze sera zinavyotungwa na waseme wanachokijua. Naye anataka kuomba.

Ukaniambia, "Mwambie aache meza za watu. Arudi kwenye madaraja. Nikifa kabla hajafika, neno langu ndilo hilo."

Nikasema ndiyo. Nikaapa kwa Mama Maria, tena bila kuombwa.

Teofrida alifika siku ya tatu baada ya mazishi, juu ya magunia kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wa matanga walipopungua akaja kukaa nami nje, akatoa fomu mfukoni. Swali moja alikuwa hajalijibu: kwa nini wewe mtu wa sayansi unataka kuacha vipimo vyako? Akaniuliza, "Mjomba, baba alisema nini juu ya hili?"

Nilifungua mdomo nimpe neno lako. Kweli nilifungua. Lakini mimi tangu zamani mdomo wangu ukifunguka unapenda kuuliza kwanza. Nikamwambia, na wewe unasemaje?

Akasema, "Mjomba, nikijenga daraja, na aliyekaa mezani akakihamishia kijiji kwingine, daraja langu litavukwa na nani? Na nyani?"

Shemeji, hapo ndipo nilipoanguka. Maana kijiji tulikuwa tumeshaambiwa kinahama. Wewe ulikuwa kitandani, mkutano hukuuona. Wageni kutoka mkoani walikuja kiangazi, na mbuga ile ya kule chini ilikuwa imekauka, ngumu kama ngoma. Mkubwa wao wa mipango, tuliyemwita Bwana Mipango, akasimama katikati yake, barabara iko karibu, pamenyooka, akanyoosha mkono akauliza, "Wazee, hapa panafaa kwa kijiji cha ujamaa?" Tukapiga makofi. Nani kati yetu atamwambia mgeni aliyetoka mbali hivyo kwamba amesimama kwenye nyumba ya vyura? Sisi mgeni tunamjibu lile alilokuja nalo. Kuishi pamoja hatukukukataa, wewe mwenyewe unajua tulivyokuwa tunalima kwa zamu. Ugomvi wetu ulikuwa na matope tu, nao hatukuusema. Nilipiga makofi kushinda wote. Viganja viliniuma.

Basi nikamtazama mtoto wako na fomu yake. Nikasema, "Baba yako alisema nenda."

Nilimlisha maneno maiti. Mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu, kuficha viatu vyake, hata kumwigiza anavyokoroma. Ruhusa ya kubadili wosia hana. Nililijua hilo nikiwa bado natamka.

Wakamchukua. Na serikali kwa maajabu yake ikamleta hapahapa, ofisi ya mkoa, akapanga chumba mtaa wa Kizwite, mjini Sumbawanga. Jambo lake la kwanza likawa mbuga yetu. Akaandika waraka mrefu wa kuonyesha mbuga inavyojaa maji masika, wenye herufi zinazosimama juu ya herufi nyingine, akaupeleka kwa Bwana Mipango. Ukarudi na maneno ya wino mwekundu pembeni: "Ndugu, hapa hatusahihishi mitihani." Wenzake ofisini wakawa wanamwita Mwalimu wa Mvua. Jumamosi alikuja nyumbani macho yamevimba, akamwambia mama yake kwamba labda mahali pake si pale.

Wiki ile, shemeji, nilikuwa natoka nyumbani nazungukia njia ya ng'ombe ili nisipite karibu na kaburi lako. Mzee mzima na mvi zangu, namkwepa mtu aliyelala. Niliona kabisa unavyocheka huko chini, ule mcheko wako wa puani.

Lakini Teofrida ni wako, ukaidi huo hakuutoa kwetu. Mvua za kwanza zilipoanza akaja na vigingi vya mti, kila kimoja kimepakwa mistari saba myekundu kuanzia chini hadi juu. Akasema, "Mjomba, siandiki tena ninachokijua. Nitaandika kinachoonekana." Tukaenda mbugani na ramani ya ofisi. Palipochorwa shule tukapiga kigingi, palipochorwa zahanati kigingi, palipochorwa nyumba za watu vigingi. Akanipa daftari na penseli. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila Jumamosi kwa baiskeli, kuhesabu mistari ambayo bado iko juu ya maji, na kuandika.

Mimi! Niliyesemwa na wewe mbele ya wakwe kwamba siwezi kuhesabu mbuzi mpaka wasimame.

Kijiji kizima kiliniita Profesa Kigingi. Wanawake waliokuwa wakilima matuta kule kilimani walikuwa wanapaza sauti, "Profesa, matope yamepata ngapi leo?" Nami navuka nimevua suruali, nimeiweka kichwani, daftari limekaa juu ya suruali. Dada yangu akasema, "Kaka, ukifa kwa kichomi nitawaambia watu umeuawa na hesabu." Sikukosa Jumamosi hata moja. Wao walifikiri napenda cheo. Mimi nilikuwa nalipia kosa langu kwako, na njia nyingine ya kulilipia nilikuwa siijui.

Mwezi wa pili, kigingi cha shule kilizama chote. Nilisimama pale maji yamenifika kifuani, nikapapasa kwa mguu mpaka nikakigusa kichwa chake. Nikaandika sifuri. Sijawahi kuandika sifuri kwa raha namna ile, na darasa la tatu niliziona nyingi.

Safari hii Teofrida hakuandika waraka. Alichukua daftari langu lenye matope, akaliweka mezani kwa Bwana Mipango, akamwomba jambo moja tu: waende wakaone mlingoti wa bendera ya shule utasimama wapi. Bwana Mipango akaja na Landrova, viatu vinang'aa. Nikawekwa mbele kuwa mwenye njia. Tulipofika ukingoni mwa mbuga, majani yamesimama marefu mazuri, maji hayaonekani, akanigeukia. "Mzee, gari linapita hapa?"

Shemeji, ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Ilikuwa imekaa pale tangu nizaliwe. Nikamtazama Teofrida, yeye anatazama mbele, hanisaidii. Nikasema, "Hapana, ndugu. Halipiti. Na siku ile ya mkutano nilikudanganya kwa makofi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na kondoo. Halafu, kwa kuwa ni bwana mkubwa, akamwambia dereva twende.

Landrova ikazama mpaka kwenye milango.

Sikucheka. Naapa, na safari hii ni kweli. Nilijiuma midomo mpaka ikavimba. Bwana Mipango akashuka, akakunja suruali, viatu mkononi, tukatembea naye mpaka mahali pa shule. Vyura walikuwa wanaimba hawajali cheo cha mtu. Akasimama, maji yamemfika kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na watoto wangelala wapi?" Hakumwuliza mtu. Ndipo nikajua si mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuambiwa hapana na mtu yeyote wa huku. Gari lilitolewa na ng'ombe wa jirani yako, na yeye mwenyewe alisukuma.

Ilichukua wiki nyingi za barua na vikao, na Teofrida anasema huko ndiko alikojifunza kazi hasa, kukaa kwenye benchi na kurudia jambo moja kwa adabu mpaka watu walione ni lao. Mwisho karatasi ikashuka. Kijiji kitakuwa hapahapa kilimani, na wenzetu wa mabondeni ndio watakaopanda kuja kwetu. Kwa hiyo huachwi, shemeji. Nilikuwa naogopa hilo kuliko yote, tuhame tukuache peke yako na fisi. Shule itajengwa hatua chache kutoka kaburini kwako. Utachoshwa na kelele za watoto, na utastahili.

Na kwa kuwa kijiji kiko upande huu na zahanati iko upande ule, mpango umeandikwa daraja. Mahali pake: penye mawe mawili. Aliyeandika ni yeye. Mimi sikumwambia chochote kuhusu mawe.

Juzi mwaka wake ulikwisha, akaja kuaga kabla ya kurudi Dar es Salaam kumalizia shahada. Akatuletea samaki wakavu kutoka Kipili, kule ziwani, kisha tukaenda wawili kupalilia kaburi lako. Nikaona nikinyamaza leo, nitakuja kuulizwa na wewe mwenyewe, na wewe maswali yako hayana mwisho. Nikamwambia. "Mama, baba yako hakusema nenda. Alisema urudi kwenye madaraja. Nilikudanganya."

Akaendelea kung'oa majani kidogo. Halafu mabega yakaanza kumtetema. Nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba! Baba yangu aseme neno moja? Nenda? Mtu ambaye akiomba chumvi anaanzia kwa Adamu? Nilijua siku ileile."

Nikamwuliza kwa nini basi alikwenda.

"Nilijua ni wewe umesema. Nami nilikuwa nahitaji mtu mmoja wa nyumbani aseme."

Mwaka mzima, shemeji. Mwaka mzima nazungukia njia ya ng'ombe.

Kisha akafuta macho, akasema, "Sasa nipe alichosema baba. Chote. Anzia alipoanzia yeye." Nikampa. Nikaanzia kwa babu yako na ng'ombe wake mweusi, nikapita kwenye nzige, sikuruka kitu, nikaja mtoni, kwenye mawe mawili, kwa mama yako na kikapu chake. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikamfuata. Kwa hiyo neno lako limefika. Limechelewa mwaka mmoja, lakini barua gani inayokuja Sumbawanga haichelewi?

Nilipomwuliza atachagua meza au madaraja, alisema hajui, na kwamba hajaona bado kwa nini achague. Usinikasirikie mimi. Huyo ni mwanao.

Karatasi za daftari zinakwisha, hii ninayoandikia nyuma yake ina sifuri ya kigingi cha shule, ndiyo maana unaona alama inapita upande huu. Lala, shemeji. Tangu juzi napita njia ya kawaida, na nikipita nakutukana kidogo ili usidhani nimebadilika.

Daraja bado liko kwenye karatasi, na karatasi haijamvusha mtu. Lakini siku litakaposimama, na miguu hii ikiwa bado yangu, mtu wa kwanza kulivuka ni mimi na baiskeli yangu. Nitakwenda mpaka ng'ambo na kurudi. Nikifika juu ya yale mawe mawili nitapiga kengele mara tatu kwa nguvu: moja ya mama yako, moja ya Teofrida, na moja yako wewe, ili ujue unaweza sasa kuacha kuniuliza habari za daraja.

Shemeji yako na mtani wako,
Odilo