Amoding Hakuwa Mvivu

Malaba,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani Wundanyi. Nimesikia goti bado linakusumbua ukiteremka shambani. Pole sana, na usiache kulikanda. Mimi mwili wangu ni mzima. Kazi ipo, maana malori ya chakula cha wakimbizi wa Rwanda yamejaa hapa mpakani, na kila turubai linalochanika naletewa nilishone. Wakesho dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Tafadhali isome yote. Usiruke mahali hata ukiona vibaya.

Mama, barua yako niliipata. Unasema umenitafutia msichana, binti wa mwalimu, mwenye afya na mchapa kazi, na kwamba nije Desemba tupeleke posa. Siji. Nitakueleza sababu, na itabidi nianzie zile wiki tatu ulizokaa kwangu.

Siku ya kwanza Amoding aliamka akafagia, akachota maji, akafua shuka zako zote, nawe ukamsifu. Kufika saa tisa mkono wake ulishindwa kuinua shuka ya mwisho kuifikisha kwenye kamba. Ukaniambia, "Huyu mke wako anachagua kazi. Nguvu za asubuhi zimeenda wapi?" Jioni kope zilimwangukia, ukasema amekununia. Alipojaribu kukuchekea, mdomo ulipinda kama wa mtu anayebeza, ukasema anamdharau mama mkwe wake. Chai ilipomtokea puani ukaondoka mezani.

Mimi niliona aibu. Nilinunua glukosi nikawa namkorogea kila asubuhi, nikamletea na maini. Alikunywa, akala, na saa tisa ikifika alikuwa vilevile. Akaniambia, "Mwadime, si kwamba sitaki. Nikianza naweza. Nikirudia mara ya kumi, mkono unakataa." Nikamjibu, "Mkono haukatai. Ni wewe unayekataa." Nilisema hayo mbele yako, na wewe ukaitikia kwa kichwa kuniunga mkono.

Siku moja kabla hujaondoka ulimpa mihogo mikavu aitwange yote peke yake, ili umwone, ulisema. Aliangukia kinu, unga ukamwagika uwanjani. Hukumwinua. Ukaniambia, "Mrudishe kwao akafundishwe kazi." Kesho yake nilikusindikiza kwenye basi, kisha nikampeleka Amukura kwa baba yake. Alibeba begi lake mwenyewe kutoka barabarani. Alisimama mara tatu kupumzika na mimi nilitembea mbele.

Baada ya miezi miwili kaka yake, Emase, alinijia hapa ninaposhonea. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Amukura. Akasema, "Shemeji, dada ana malaria, na sauti yake imepotea kabisa. Twende." Nikakumbuka ulivyoniambia kwamba watatunga kila kisa ili nimchukue. Nikamwambia, "Mwambie aache mchezo." Akaniangalia kidogo, akageuza baiskeli.

Yaliyofuata sikuyaona, nimeelezwa. Walimpeleka kwenye kliniki ndogo akawekewa dripu ya kwinini, kama mtu yeyote mwenye malaria kali. Mchana huohuo kifua kikaanza kugoma. Alikuwa macho, anasikia kila kitu, lakini hawezi kuvuta pumzi. Emase alisimamisha pikapu ya samaki ikawapeleka hospitali Busia. Huko hakukuwa na mashine ya kupumua iliyo huru. Walimwekea mpira puani na mdomoni, wenye mfuko wa kubinya kwa mkono, na kila mbinyo mmoja ni pumzi moja. Wauguzi na Emase walipokezana kubinya siku mbili nzima. Mimi habari zilichelewa kunifikia, nikafika siku ya tatu. Nilimkuta Emase amelala sakafuni kando ya kitanda, vidole vimevimba. Hakunitukana, Mama. Alisogea tu nipate pa kusimama.

Alipoanza kupumua mwenyewe, daktari, mama mmoja mpole, alimwambia ahesabu kwa sauti. Kufika ishirini alikuwa anaongelea puani. Kufika thelathini hakusikika. Akamdunga sindano, tukangoja. Kope zikainuka, nikaona macho yote mawili ya mke wangu, nikatambua kwamba sikuwa nimeyaona wazi kwa zaidi ya mwaka. Akahesabu tena, akafika hamsini.

Nilimwuliza daktari, "Amepungukiwa na nini? Nilimpa glukosi."

Akasema, "Sukari haimkosi. Misuli ina chakula chake ndani. Ikipata amri ya kufanya kazi, inakichoma na kupata nguvu. Kwa mke wako, amri inatoka kichwani vizuri, lakini pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, haipokelewi sawasawa. Mara za kwanza inatosha. Ndiyo maana asubuhi, au akipumzika, ana nguvu. Akirudiarudia, inafifia mpaka msuli haupati kitu. Na msuli uliokaa muda mrefu hivyo unaanza kuharibika wenyewe, hata kile chakula haukichomi vizuri tena. Hata ungemlisha gunia zima la sukari, lisingemsaidia. Kumlazimisha kazi ndiko kulikokuwa kunammaliza."

Nikamwuliza kuhusu kwinini. Akasema kwa watu wa ugonjwa huu inaikata hata ile amri kidogo iliyobaki. Mhudumu wa kliniki hakujua, na hakuna aliyemweleza kwamba mgonjwa huyu huchoka kwa namna ya ajabu. Nani angemweleza? Aliyekuwa anaishi naye ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni mvivu.

Ugonjwa wenyewe hauponi. Ana vidonge anavyomeza kila baada ya saa nne, na kimoja lazima kitangulie chakula, la sivyo hawezi kumeza. Ana karatasi ya daktari inayosema asipewe kwinini. Yuko kwao Amukura. Anamenya njugu akiwa ameketi, anamaliza ungo mmoja, anapumzika, anaanza mwingine. Nakwenda kila Jumamosi. Baba yake hanizuii wala hanikaribishi. Sijamwomba Amoding arudi, kwa sababu sina uso wa kumwomba.

Mama, sikulaumu peke yako. Wewe ulikaa wiki tatu, mimi nimekaa naye miaka mitano. Lakini nilimwandikia Wakesho siku zile amelazwa, naye ameniambia alikusomea. Ulijua. Na katika barua yako yote ndefu hakuna hata mstari mmoja unaouliza anaendeleaje. Umemwita "yule mvivu wa Malaba", kisha ukaendelea na habari za posa. Niliisoma nikiwa nimesimama kati ya maturubai, nikaikunja, na sikuweza kushika sindano siku hiyo. Mwambie mwalimu asimngojee mtu kwa ajili ya binti yake. Mimi nina mke, hata kama yeye hataki tena kuwa na mume.

Nisalimie Wakesho na watoto wake. Nisalimie mjomba, ndugu yako, aliyenifundisha kushona. Mwambie mashine yake bado inafanya kazi. Nisalimie bibi mzaa baba, na umwambie namkumbuka ninapoomba. Wewe nakuombea goti lipone, na nasema hivyo kwa moyo, ingawa barua hii haikuandikwa kwa furaha.

Jana nilimwambia Amoding kwamba leo nitakuandikia. Nikamwuliza kama ana neno la kukuletea. Alimaliza kumenya njugu za ungo aliokuwa nao, akaupumzisha mkono. Kisha akasema, "Mwambie nilikuwa mgonjwa."

Ni hilo tu alilosema.

Mwanao,
Mwadime