Damu ya Mtu Mzima wa Afya

Brisbane, 9 Juni

Kwa dada yangu Meleane,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wanao. Goti la mama linaendeleaje, na bado anakataa fimbo? Mimi mwili haujambo. Mengine nitakueleza, ila usiisome barua hii mbele yake.

Juzi kwenye simu mama alitaka kujua dawa yangu imefika wapi, awaambie wenzake kanisani. Nilimdanganya kwamba iko njiani. Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na minne nimeshughulika na kirusi cha homa ya dengue, kilekile kilichomuua baba, na nakijua kuliko ninavyowajua wanao. Nilitengeneza kemikali ya kukizuia kisiingie kwenye seli za mwili. Ndani ya kichupa inakizuia vizuri, mpaka wenzangu walinipigia makofi. Ndani ya panya inavunjika kabla ya saa moja kwisha, na panya wanakufa. Nimeibadilisha mara mia mbili na kumi na moja. Mwezi uliopita mkuu wetu aliniambia kwa upole kwamba nimejitahidi, sasa tuifunge kazi.

Tukaanza kusafisha friza. Mwenzangu Imogen akavipitisha vichupa vya zamani kwenye mashine ya kusoma virusi, vikiwemo vya Krismasi ile nilipokuja kupima damu za wanakijiji, na cha damu ya baba alipougua. Unakumbuka mlivyozikimbia sindano zangu! Ndiyo wiki aliyorudi Feleti, mtoto wa mama mdogo, kutoka mashamba ya Bundaberg, huku Australia, anatetemeka kwa mafua. Baba alipofariki kila mtu alisema Feleti ndiye aliyeleta homa. Wakamkatalia kushika jeneza, watoto wakamwita Feleti Mbu, na tangu aondoke hajakanyaga tena kisiwa chetu cha Vava'u. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Sasa dada, upimaji ule unahitaji damu ya mtu mwenye afya, ya kulinganishia, na sisi watu wa maabara tuna uvivu wetu: tunajitoboa wenyewe. Siku ya tatu baada ya kushuka kwenye ndege nilijitoboa, nikaandika kwenye kichupa "mzima". Kichwa kiliniuma kidogo, nikasema ni uchovu wa mkutano wa Suva, kule Fiji nilikotokea. Siku zile hatukuwa na haja ya kutafuta kirusi kwenye damu ya mzima.

Imogen alinijia anacheka, akauliza ni nani huyu mzima wenu aliyejaa dengue mpaka shingoni. Nikamwambia ni mimi. Akaacha kucheka.

Kirusi changu na cha baba vinatofautiana mahali pawili tu kati ya herufi elfu kumi na zaidi za urithi wake, na changu kilitangulia kwa wiki tatu. Mbu waliniuma mimi pale nyumbani, kisha wakamuuma baba. Ni mimi niliyeileta homa ile kutoka Suva, dada. Nimesoma miaka yote hii, na hakuna ninachoweza kukirudisha.

Jumamosi nilipanda basi nikamfuata Feleti Bundaberg. Nilimkuta anachambua viazi vitamu, mvi zimemjaa. Nilimweleza yote nimesimama. Akasema, "We Kalo, usiwe mjinga. Nyamaza hivyohivyo. Mimi nimeshazoea. Mama yako akikosa wa kumlaumu, si atakulaumu wewe? Na wewe ndiye pekee anayemjivunia." Nikalia kama mtoto. Akanichemshia viazi, akaniapisha nisimwambie mtu.

Nimeapa, na leo nakuandikia. Nikinyamaza namzika Feleti akiwa hai, nikisema namuua mama. Wewe unakaa naye, unajua anaweza kubeba nini. Mimi nimeshindwa kuamua.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mwambie mama nampenda sana. Akikuuliza nimeandika nini, sijui umwambie nini.

Mdogo wako,
Kalolaine