Kwa Mama, Aliyeifundisha Kompyuta Kusema

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka, na humu ndani bado tunatembea kwa kunyata.

Wengi walikuita Mama Kompyuta, mwandishi wa programu wa kwanza katika ofisi ya umeme, enzi ambazo mashine moja ilijaza chumba kizima na wakubwa wakipita mbali nayo kama kuna mbwa mkali. Wewe uliigombeza: "Leo usinichezee." Jioni uliwafundisha makarani bure, na aliyekosea ulimwambia tu avute kiti, aanze upya.

Uzeeni ukajitosa kuifundisha kompyuta yako ya nyumbani Kiswahili. Ulijifungia kabatini, blanketi kichwani, ili kelele za mtaani zisiingie kwenye kinasa sauti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe ulikuwa unamwandalia Baba. Moyo wake ni mgonjwa, na mtu mwingine akimkumbusha dawa hununa. Kila asubuhi mashine ilimwita taratibu kwa sauti yako, naye akijibu, "Naam, mke wangu, nimeshameza."

Ulipoondoka, hofu ikatuvaa. Mashine ni kuukuu, vipuri vyake havipatikani tena. Ikinyamaza, Baba atameza kwa kuitwa na nani? Hatukuthubutu kuigusa, hata kuifuta vumbi. Umeme ukikatika tulikaa roho mkononi. Kila asubuhi tulisimama nje ya mlango wa chumba cha Baba, mahali sauti ya mashine haikufika, tukisubiri lile jibu lake, na tukilisikia tulishusha pumzi.

Wiki iliyopita kitinda mimba wako aliingia na chai kabla ya wakati. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Baba alikuwa ameshika glasi ya maji, uso kauelekeza mlangoni, akisema kwa sauti kubwa, "Naam, mke wangu, nimeshameza."

Tulipomuuliza, alisema mashine ilikufa tangu zile mvua kubwa.

"Nilijua mnasimama pale nje mnatetemeka," alisema. "Ningewaambiaje kwamba amenyamaza?"

Miezi yote hiyo alikuwa anameza mwenyewe, Mama, na kujibu kwa ajili yetu. Sasa anameza mezani, tukiwa naye. Fundi ameshindwa kuifufua mashine. Hofu haijaisha, tunachoogopa sasa ni kuisahau sauti yako.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, kitinda mimba wako, wakwe, wajukuu, na makarani uliowaambia wavute kiti.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.